Uzi: Jim Knopf, mtoto mweusi shujaa wa kitabu cha Kijerumani. Wazazi tuijadili filamu hii

Mkwezi wa Minazi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna filamu ya familia kutoka Ujerumani ambayo nataka tuijadili humu, hasa sisi wenye watoto. Shujaa wake ni mtoto mweusi, kitabu chake kinasomwa na Wajerumani tangu 1960, na bado huku kwetu karibu kila ninayemtajia hajawahi kuisikia. Inaitwa Jim Knopf und Lukas der Lokomotivführer. Ilitoka Machi 2018, mwongozaji ni Dennis Gansel, na iligharimu takriban euro milioni 25, fedha ambazo sinema ya Ujerumani haizitoi kila mwaka kwa filamu ya watoto. Kwa Kiingereza inaitwa Jim Button and Luke the Engine Driver, anayetaka kuitafuta atumie jina hilo.

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna kisiwa kidogo sana kinaitwa Lummerland. Kina milima miwili, reli, duka, mfalme anayeitwa Alfons, na raia wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao ni Lukas, dereva wa treni, na kichwa chake cha treni kinaitwa Emma. Siku moja posta inaleta kifurushi chenye anwani iliyoandikwa ovyo. Kinafunguliwa, ndani kuna kichanga mweusi. Mama mwenye duka, Frau Waas, anamchukua na kumlea. Mtoto anachana suruali kila mara mahali palepale, mwisho mama anashonea kifungo pale pafunguke na kufungika, na hapo ndipo mtoto anapopata jina lake, Jim Knopf, yaani Jim Kifungo.

Jim anakua, kisiwa hakikui. Mfalme anapiga hesabu ya nafasi na kuamua Emma aondoke. Lukas hawezi kumwacha Emma, na Jim hawezi kumwacha Lukas. Basi wanaziba matundu yote ya kichwa cha treni, wanakishusha majini usiku na kuondoka nacho kama chombo cha baharini. Wanafika nchi ya Mandala, wanakuta binti wa mfalme, Li Si, ametekwa na kupelekwa mji wa majoka unaoitwa Kummerland, na safari ya kwenda kumkomboa ndiyo filamu yenyewe: korongo za kutisha, jangwa, volkano, na shule ambayo watoto wamefungwa minyororo kwenye madawati huku mwalimu wao, joka Frau Mahlzahn, akiwafokea.

Sababu ya kuleta uzi ni hii. Wengi wanaiangalia kama hadithi tamu ya treni na majoka, basi. Mimi nasema kisa hiki ni jibu zito kwa watu walioamini kwamba damu ya binadamu ina madaraja, na mtoto mweusi hakuwekwa mle kama pambo.

Mwandishi, Michael Ende, alizaliwa 1929. Hitler anashika madaraka 1933, yeye ana miaka 3. Maana yake shule yake yote ya msingi alisomeshwa chini ya Wanazi. Baba yake, Edgar Ende, alikuwa mchoraji, na mwaka 1936 akapigwa marufuku kufanya kazi kwa sababu utawala uliona picha zake ni za sanaa iliyooza. Mwaka 1945, Michael akiwa kijana wa miaka 15, aliitwa jeshini katika ile kufa na kupona ya mwisho. Aliichana karatasi ya wito akakimbia.

Mtu huyo ndiye aliyekuja kuandika kuhusu mji wa majoka ambao langoni kuna bango: asiye joka wa damu safi akiingia, adhabu yake ni kifo. Na nje ya mji anaishi Nepomuk, joka mdogo mwenye moyo mzuri, asiyeruhusiwa kuingia kwa sababu mama yake ni kiboko. Wazazi waliowasomea watoto wao kitabu hiki 1960 walikuwa wameishi chini ya sheria za Nuremberg za 1935, zilizopima nani ni Mjerumani kwa kuangalia babu na bibi zake. Hawakuhitaji kuelezwa bango lile linasema nini.

Nakaribisha michango.

Fundi wa Boila

Mkuu umenigusa. Mimi nimekulia kwenye kota za reli Tabora, kwa hiyo nilivyoona tu kile kichwa cha treni kinapumua moshi nikaita nyumba nzima waje kuangalia.

Kitu nilichokipenda ni heshima waliyompa Lukas. Filamu nyingi za watoto, mkubwa mwenye busara lazima awe mchawi au mfalme. Hapa busara iko kwa dereva wa treni, mwenye masizi usoni, aliyeigiza Henning Baum, mtu mpana wa mabega, mpole. Anajua moto wake unataka makaa kiasi gani, anajua Emma akichoka analia vipi. Ana na kipaji cha kutema mate yakapiga pindu hewani, wanangu wameshinda wiki nzima uani wanajaribu. Mfalme anaamrisha kwa simu, lakini kazi ya kisiwa inafanywa na Lukas, na ndiye anayeona kwanza kwamba uamuzi wa mfalme si wa haki.

Wazee wetu wa reli wangempenda. Reli yenyewe ya Kati, Wajerumani waliifikisha Kigoma 1914, na waliobeba mataruma ni watu wetu. Wajerumani walikuwa na vitabu chungu nzima vya enzi hizo vinavyomwonyesha Mwafrika mbele ya treni akishangaa au akibeba mzigo. Kumwona mtoto mweusi anafundishwa kuendesha, na filamu haioni ajabu yoyote, kwangu ni jambo kubwa.

Mama Nuru

Habari zenu ndugu zangu. Mimi naishi Ujerumani miaka mingi, wanangu wamezaliwa huku, na Jim Knopf huku hukwepi. Yuko kwenye vikombe, mabegi, maonyesho ya vikaragosi. Tangu 1961 kikundi cha vikaragosi cha Augsburger Puppenkiste kilikirusha kisa hiki kwenye televisheni, na wimbo wao wa kisiwa chenye milima miwili kila Mjerumani anaujua.

Mkwezi, uliyosema kuhusu mwandishi ni kweli, sikupingi. Ila nataka watu wajue upande wa pili, wa mtoto anayesomewa.

Kwenye kitabu cha zamani, kifurushi kinapofunguliwa, Herr Ärmel, mmoja wa raia wa kisiwa, anamtaja kichanga kwa lile neno la kudhalilisha watu weusi. Limeandikwa wazi. Sasa fikiria mwalimu wa chekechea anasoma kwa sauti, watoto 20 wamekaa duara, mweusi ni mmoja. Anafika pale. Vichwa vyote vinageuka. Limempata mwanangu mkubwa. Kuna na kipande kingine kinasema Jim aliona hakuna haja ya kuoga kwa kuwa ni mweusi, uchafu hauonekani. Na michoro ya awali ya F. J. Tripp inampa midomo ile ya kuvimbishwa ambayo sisi sote tunajua imetoka wapi. Mwandishi alikuwa na nia njema, lakini mwanangu siku ile alirudi nyumbani ananiuliza kama anaonekana mchafu.

Tena si kitabu tu. Desemba 2013 kipindi kikubwa kabisa cha televisheni, Wetten, dass..?, kilikuwa Augsburg, na watazamaji wakaombwa waje wamevaa kama Jim na Lukas, wa Jim wajipake weusi usoni. Mwaka 2013! Watu weusi wa hapa walipiga kelele na walikuwa na haki.

Ndiyo maana filamu ya 2018 nimeishukuru. Jim ni mtoto halisi, Solomon Gordon, kijana wa Kiingereza, nywele zake mwenyewe, uso wake mwenyewe. Hakuna aliyepakwa kitu. Neno lile halimo. Mwanangu wa pili amemjua Jim kupitia filamu kwanza, na anapocheza, anacheza yeye akiwa Jim, wenzake wanagombania kuwa Lukas. Tofauti hiyo mimi naiona nyumbani kwangu.

Mkwezi wa Minazi

Dada Mama Nuru, asante sana, na pole kwa mwanao. Huu ndio mchango niliokuwa naungoja.

Niongezee hapo kwa faida ya wengine. Mwaka 2024 mchapishaji, Thienemann, alitangaza matoleo mapya ambamo lile neno limeondolewa, maelezo ya kudhalilisha yamepunguzwa na michoro imerekebishwa, midomo ile haipo tena. Warithi wa Ende walikubali. Kulikuwa na kelele magazetini kwamba kitabu kinaharibiwa. Watetezi wa maandishi ya zamani wanasema Ende alimpa neno lile Herr Ärmel makusudi, raia mtiifu anayejiona anajua kila kitu, ili msomaji amwone alivyo na mawazo finyu.

Mimi naielewa hoja hiyo na bado nasimama na mama wa watoto. Mtu mzima anaweza kuona kwamba msemaji ndiye anayechorwa vibaya. Mtoto wa miaka 5 anasikia neno tu. Kama lengo la kisa ni kuliangusha bango la damu safi, basi neno linalomrudisha mtoto mweusi nje ya lango linapigana na kisa chenyewe. Kuliondoa ni kukisaidia kitabu kifanye kazi aliyokusudia aliyekiandika.

Kipanga wa Ziwani

Wakuu mimi nitakuwa mkali kidogo.

Mnaisifu sana. Nimeziangalia zote mbili, hii ya 2018 na ya Oktoba 2020, Jim Knopf und die Wilde 13. Filamu ya pili inafunua kwamba Jim kumbe ni mwana wa mfalme, uzao wa Caspar, mmoja wa wale mamajusi watatu, na ana nchi yake iliyozama, Jamballa. Swali langu: kwa nini mtoto mweusi lazima awe na damu ya kifalme ndipo kisa kimpe heshima? Mmesema kisa kinapinga mambo ya damu, halafu mwisho kinatatuliwa kwa damu. Mtoto wa kifurushi asiye na ukoo wowote angebaki hivyo hivyo, angekuwa na thamani pungufu?

Pili, huyo Jim wa kitabuni hataki kujifunza kusoma, mpaka Li Si, ambaye anasoma vizuri, anamshangaa. Ya nini kumfanya mtoto mweusi ndiye asiyejua kusoma?

Mkwezi wa Minazi

Kipanga, hoja ya kwanza ni nzito na sitaikwepa. Kwenye filamu ya kwanza Jim hana ukoo hata kidogo. Anapendwa na Frau Waas, anapigania watu asiowajua, anaingia Kummerland, na hakuna aliyemwambia kwamba ni mwana wa fulani. Mtoto wangu alimpenda Jim huyo wa kifurushi. Taji linakuja baadaye sana, baada ya heshima kupatikana. Hilo kwangu linabadilisha uzito wake.

Halafu mwangalie ni mfalme gani. Kwa Wajerumani, mamajusi ni jambo la kila mwaka: Januari 6 watoto wanapita nyumba kwa nyumba wamevaa kama wafalme watatu, na mmoja kwa desturi ni mfalme mweusi. Ende alimchukua Mwafrika pekee ambaye kila nyumba ya Kikristo ya Ujerumani tayari ilimwonyesha heshima, akasema huyu mtoto ni wake. Walioambiwa shuleni kwamba watu weusi hawana historia, wanakuta historia ya Jim ni ndefu kuliko ya kisiwa kizima. Lakini nakubaliana nawe kwamba mwandishi wa leo angeweza kuiacha siri ya kuzaliwa kwake bila kuitafutia kiti cha enzi, na kisa kingesimama.

La kusoma, hapo niko nawe. Ndani ya kitabu Jim mwenyewe anakuja kuona hasara yake na kuanza kujifunza, ila mzazi akifika hapo asimame aongee na mtoto.

Binti Pemba

Samahani kwa kuingilia. Hili jina la Button mimi nimewahi kulikutana nalo kwenye habari za Darwin, yule mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe. Kuna uhusiano au ni mimi tu?

Mkwezi wa Minazi

Upo, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilieni niandike kirefu.

Mwaka 1830 nahodha wa Kiingereza, Robert FitzRoy wa meli Beagle, alikuwa Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa ya Amerika. Alichukua watu wanne wa kule akawapeleka Uingereza. Mmoja alikuwa kijana wa kabila la Yaghan, jina lake la kweli Orundellico. Mabaharia walisema wamemnunua kwa kifungo cha lulu, wakambatiza Jemmy Button. Mmoja wa wale wanne alikufa kwa ndui. Waliobaki walivalishwa suti na gauni, wakafundishwa Kiingereza na dini, na 1831 wakapelekwa mbele ya Mfalme William wa Nne. Mwisho wa mwaka huo wakaanza safari ya kurudishwa kwao na meli ileile, na safari hii ndani yake alikuwemo kijana Charles Darwin.

Darwin alimfahamu Jemmy, akampenda, aliandika kumhusu. Kisha Jemmy akashushwa kwao. Mwaka 1834 Beagle ilipopita tena, walimkuta amevua nguo za Kizungu, ana mke, amekonda. Wakampa nafasi ya kurudi Uingereza. Akakataa.

Sasa mwaka 2008 mwandishi wa Kijerumani Julia Voss aliandika makala kwenye gazeti la Frankfurter Allgemeine, na mwaka uliofuata akatoa kitabu, akieleza kwamba Jim Knopf ni Jemmy Button aliyegeuzwa. Hoja yake ni hii: katika shule za Kinazi jina la Darwin lilitumika kuwathibitishia watoto kwamba jamii za watu zina ngazi na kwamba dhaifu hufa kwa haki. Ende aliyasikia hayo darasani. Akaja kuchukua vipande vyote vya hadithi ile na kuvipanga upya: mtoto asiye Mzungu, kifungo, chombo kinachosafiri baharini, kisiwa, viumbe wa ajabu. Jemmy alichukuliwa kwao kupelekwa kwa mfalme wa watu wengine. Jim anatoka kisiwani kwa hiari yake, anasafiri kama dereva, na mwisho anaipata nchi yake. Hata Jamballa iliyozama inajibu hadithi ya Atlantis, ile nchi ya kale inayosimuliwa kwamba ilizama baharini, ambayo Wanazi waliipenda kama chimbuko la jamii yao bora. Kwa Ende, inapoibuka kutoka baharini, mwenye nayo ni mtoto mweusi.

Ukishalijua hilo, rudi uangalie Nepomuk mwenye mama kiboko. Hutacheka vilevile.

Mwalimu Mstaafu

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba.

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Mnisamehe, mimi nataka kumsemea Herr Tur Tur, naona mmempita haraka. Wako jangwani, Jim anaona kwa mbali jitu linalogusa mawingu. Anataka kukimbia. Lukas anasema tusogee. Kila hatua wanayosogea jitu linapungua, mpaka linapofika mbele yao ni mzee wa kawaida, mpole, mnyonge wa upweke, maana kila anayemwona kwa mbali hukimbia. Yeye maumbile yake ni kinyume na ya watu wengine: kadiri ulivyo mbali naye ndivyo anavyoonekana mkubwa. Kwenye filamu ameigizwa na Milan Peschel, na ile sura yake ya mtu aliyezoea kukimbiwa nimeikumbuka siku nyingi.

Niliwaonyesha wajukuu kipande hicho, nikakisimamisha kabla jitu halijafika, nikawauliza: nyie mngefanya nini? Mmoja akasema angemrushia mawe. Tukaendelea. Alipoona mzee analia kwa furaha kwamba kuna waliomsubiri, yule mjukuu akanyamaza, kisha akauliza kama yule kaka anayekaa mwisho wa mtaa wetu, asiyesema na mtu, naye yuko hivyo. Kwa umri wake ni swali kubwa. Jumapili iliyofuata tulikwenda kumsalimia.

Na filamu ya pili mzee huyo wanampa kazi kisiwani: anasimama kama mnara wa taa, meli zimwone kwa mbali. Lile lililokuwa likimtenga na watu linageuka msaada kwa watu hao hao.

Kipanga wa Ziwani

Mwalimu, marahaba, hapo umenishika. Hicho kipande ni bora kuliko filamu zote za watoto nilizoona karibuni.

Mzee wa Reeli

Swali la nje kidogo. Ende si ndiye yule wa The NeverEnding Story ya 1984, yenye joka jeupe la manyoya? Nasikia alikosana nao.

Mkwezi wa Minazi

Ndiye. Kitabu kilitoka 1979, filamu ya 1984 ikaongozwa na Wolfgang Petersen, ikapendwa dunia nzima, na Ende akaichukia. Aliona wamechukua kisa kuhusu mtoto anayejenga ulimwengu kwa mawazo yake wakakifanya biashara ya madoido. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Alifariki 1995, kwa hiyo hizi mbili za Gansel hakuziona. Ninavyoziona mimi, ziko karibu na kitabu kuliko ile: mpangilio wa safari ni uleule, hata jina Mandala limetoka kwenye matoleo ya baadaye, maana 1960 nchi ya Li Si ilikuwa China. Sehemu ninayoilaumu ni katikati, volkano na korongo zinapita mbio mbio kwa ajili ya picha za kompyuta, wakati kitabu kinakaa na Nepomuk kwa starehe.

Jambo moja zaidi kuhusu Ende. Wachapishaji kama kumi walimkatalia Jim Knopf kabla Thienemann hawajampokea. Kisha 1961 kitabu kikapata tuzo ya taifa ya vitabu vya watoto, wakati yeye anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi 7 na mwenye nyumba amempeleka mahakamani.

Binti Pemba

Asanteni. Nina mtoto wa miaka 5, ile shule ya majoka si itamtisha?

Mama Nuru

Mdogo wangu, itamtisha kidogo, kaa naye. Wa kwangu alipanda mapajani watoto walipoonekana na minyororo. Mimi nilimwambia mapema kwamba watatoka, na kwamba Emma atavalishwa ajifanye joka ili wapite langoni, akabaki anamngojea Emma tu.

Usimzimie kabla ya mwisho. Frau Mahlzahn akishashindwa hauawi. Wanamchukua hai mpaka Mandala, na yeye mwenyewe anaeleza kwamba joka aliyeshindwa bila kuuawa analala usingizi mrefu na kuamka Joka la Dhahabu la Hekima. Kwenye filamu ya pili ndiye wanayemwendea kumuuliza Jim ametoka wapi. Mwanangu aliniuliza mara tatu kama kweli ni yule yule mwalimu mbaya. Nikamwambia ndiye. Anza na ya 2018, ukimaliza ndipo umwekee ya 2020, vinginevyo hilo litampita.